Magunia Sita ya Maharage

Chande, baunsa mwenye ukumbi wa mazoezi, aliuza unga wa kujenga misuli. Alichukia kuona wateja wanamkimbilia Bi Mize, mpika maharage aliyekodi kibaraza chake.

"Hama leo!" alifoka.

"Nitahama, mwanangu. Ila wewe na unga wako, magunia yangu yale sita hamyawezi."

"Mimi? Niyapeleke wapi?"

"Pale ng'ambo tu, kwenye kile kibanda cheupe."

Chande aliyabeba yote, wateja wakimpigia makofi. Alitua la mwisho akitweta.

"Haya, nimeshindwa?"

"Hata kidogo, baba. Kibanda hiki nilikipanga jana, nikakosa mchukuzi." Bi Mize akampakulia sahani. "Kula, ujenge misuli."

Wateja wote wakimtazama, Chande alikula, akaomba ya pili.