Maji Yalikuwepo

Ndugu zangu, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ziko tele, na hilo ndilo linaloniuma asubuhi ya leo.

Niambieni, kwa nini jangwani watu ni wachache? Najua mtakavyojibu: jua kali, mvua hakuna, ardhi ni mawe matupu. Na huku kwetu mlimani je? Mtasema baridi, mtasema mteremko, mtu analima huku ameshikilia kisiki asije akaporomoka. Haya, yote ni kweli. Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na watu sita waliokaa jangwani kando ya kisima. Walikuwa ukoo mmoja, ndugu watatu na wake zao. Kisima chenyewe kilikuwa kirefu, kimechongwa kwenye mwamba, tena kimepinda katikati kama kiwiko, hata kamba haikufaa, ingesagika kwenye jiwe na kukatika. Kwa hiyo maji yalipandishwa kwa mikono. Mmoja anasimama chini kabisa, anajaza ndoo ya ngozi, anampa aliye juu yake kwenye vidato vya mwamba, naye anampa wa juu yake, hivyo hivyo mpaka kwenye birika la mifugo. Mwaka wa mvua, watu wanne walitosha. Maji yakishuka, walitakiwa watano, hata sita.

Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa mpanga zamu. Kila jioni alitangaza mifugo ya nani itakunywa kwanza kesho yake, na neno lake halikupingwa.

Siku moja ikafika familia ya wageni waliokimbia ukame kwao. Baba, mama, mabinti wawili watu wazima, na vibuzi vichache vya kuhesabu kwa vidole. Mama ndiye aliyesema.

"Baba, tumechoka kutembea. Tunaomba na sisi zamu kisimani."

"Ninyi ni wa ukoo gani?" akauliza kaka mkubwa.

"Wa mbali. Lakini mikono tunayo, tutasaidia kupandisha maji."

"Kisima hiki walichimba babu zetu. Zamu ni za watoto wao."

"Basi tuwekeni mwisho kabisa, baada ya punda."

"Baada ya punda kuna mbwa, mama."

Watu wakacheka. Halafu mnajua walifanya nini? Wakawapa maji wakanywa wakashiba, wakawajazia na vibuyu vya safari! Maana mila yao ilikuwa nzuri sana: mpita njia hanyimwi maji. Aliyenyimwa ni yule aliyetaka kukaa.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Na mwaka wa pili yake vilevile. Maji yakashuka, yakashuka, mpaka ikawa yanafikiwa na watu tisa waliopangana. Na wao walikuwa sita. Je, maji yaliisha? Hapana, wapendwa! Kaka mkubwa aliteremka mwenyewe hadi chini, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, akajaza ndoo, akainyanyua juu kwa mikono miwili.

"Pokea!" akapaza sauti.

"Nipokee vipi?" akajibu mdogo wake kutoka juu sana. "Sikufikii!"

Fikirini mtu huyo. Amesimama kwenye maji, na juu yake ng'ombe wake wanaanguka mmoja mmoja kwa kiu.

Akamtuma mdogo wake awafuate wale wageni. Akatembea siku tatu, akawakuta kwenye kisima cha watu wengine, yule mama yuko katikati ya mstari, anapokea ndoo na kupitisha. Akamwambia, "Mama, rudini. Kaka anasema mtakuwa wa kwanza, kabla yetu sisi wenyewe."

Yule mama akamtazama, akamtambua. Akamkabidhi ndoo, akasema, "Kunywa, mpita njia. Ukishiba, safari njema. Mimi hapa nina zamu yangu."

Yule ndugu aliporudi, hakukuwa na mfugo hata mmoja uliobaki wa kunyweshwa. Wakahama wote sita, kila mmoja na njia yake. Na leo ukimuuliza mmoja wao kwa nini pale hapakai mtu, atakujibu bila aibu: ukame.

Sasa sisi. Mnawasikitikia watu wa jangwani. Mwaka jana alipanda hapa fundi seremala na mkewe na vijana wake watatu, wenye mabega kama milango. Tuliwaambia wasimame tuwaone, tukawapigia makofi, akina mama wakawapa chai. Jumapili ya nne akaniambia anataka kuwa mwenzetu. Nikamwambia alete barua ya mchungaji wake wa zamani. Akasema mafuriko yalisomba kanisa lile na mchungaji wake humo humo. Nikamjibu asubiri kikao cha wazee. Wazee mpo hapa mbele, naomba mniangalie. Kikao hicho kilikaa lini? Hakijakaa hata leo. Akashuka na watu wake, nasi tukasema, baridi imewashinda.

Alhamisi tumemzika mzee Eliakimu. Hapa petu gari halipandi, mtu hubebwa mabegani hadi kaburini. Wabebaji tulikuwa wanne, aliye mdogo kuliko wote ana miaka sitini na mitatu. Tuliliweka jeneza chini mara saba. Mara ya tano liliteleza, likagonga mwamba, nanyi mlisikia sauti ile kama mimi.

Tuliposhuka, mjane wake alinishika mkono pale njia panda. Hakulia. Aliniuliza, "Mchungaji, mimi nitabebwa na nani?"

Na mimi ndiye niliyedai barua. Mama huyo amekaa pale, benchi la pili. Anayeweza kumjibu asimame.