Meno ya Kijino na Mkia wa Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba zenye milango na kupigiana hodi kama sisi, Kindi mmoja mwenye uzito wa andazi aliwakalisha chini wazee watatu wakubwa wa kijiji, wakang'atwa kimya kimya bila kusema hata "aa". Huamini? Vizuri. Kaa hapo hapo usiamini, nami nisimulie, tuone nani atachoka kwanza.

Kijiji chenyewe kilikuwa kando ya mto. Mjumbe wake alikuwa Nyati, mwenye shingo nene kama kinu. Majirani zake walikuwa Kiboko, ambaye akikalia benchi wengine husimama, na Fisi, ambaye hakuna msiba aliohudhuria asicheke. Nyuma ya nyumba ya mjumbe aliishi mjane, Bi Mbwa, mpika maandazi, na mwanawe mmoja tu aliyeitwa Kijino.

Kijino alikuwa na miezi minne na meno kama sindano. Aling'ata mikeka, ncha za kanga, miguu ya stuli, na miguu ya waliokalia stuli.

Shida kubwa ilikuwa kwenye salamu. Desturi ya pale, mtoto akimwamkia mzee humpokea mkono. Mzee hunyoosha, mtoto hupokea kwa heshima, anasema shikamoo. Kijino alipokea kwa meno. Kwap!

Nyati aking'atwa aliruka, akapiga kwato chini, tu! tu! tu!, vumbi likajaa uwanja. Kiboko alinguruma mpaka bata wakahama. Fisi alicheka, maana Fisi akiumia hucheka. Walimfunga Kijino mdomo kwa kamba, akaitafuna kamba. Walipaka mikono yao pilipili, akailamba, akarudi kutafuta nyingine.

Siku iliyomaliza mambo ni siku washenga walipokuja kumposa binti wa Nyati. Wageni wameketi, chai imemiminwa, Kijino akaja kuamkia. Washenga wakamwona mjumbe mzima akirukaruka kama panzi, wakakumbuka kwamba wana safari, wakaaga.

Nyati hakupiga kelele. Alimwita Bi Mbwa akamwambia taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. Siku ya gulio, kama mtoto hajaacha kung'ata, atavushwa mto apelekwe kwa binadamu, wakamfunge mnyororo mpaka uzee wake.

Gulio lilikuwa baada ya siku saba.

Bi Mbwa hakulia. Alirudi jikoni, akauchukua unga aliokwisha kuukanda, akaukanda upya.

Ndipo Kindi aliposhuka kutoka kwenye mkorosho ulio nyuma ya ua. Kindi alikuwa kijana mwenye maneno marefu kuliko mwili. Shule aliiacha darasa la pili, akidai mwalimu hana jipya. Ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika. Ukimuuliza alisema amezaliwa hivyo, tena ndio mtindo. Nami nakwambia kama alivyosema. Tuendelee.

"Shikamoo, shangazi," alisema. "Nipe siku saba na kikapu cha karanga, nikurudishie Kijino na adabu zake."

Bi Mbwa alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia masikio mpaka mkia. "Marahaba, mwanangu. Karanga zipo. Mtoto ndiye huyu mmoja."

Sasa, Kindi juu ya mkorosho wake alikuwa ameona jambo wasiloliona wazee. Kijino hakung'ata kwa hasira. Aking'ata alirudi nyuma hatua mbili, akatikisa mkia, akangoja mchezo uanze. Kwake yeye Nyati alikuwa ngoma: ukiigusa inalia. Ngoma isingelia, nani angeipiga?

Lakini nani amwambie Nyati kwamba yeye ni ngoma? Mwaka uliopita Kindi alijaribu kuwashauri wazee wale kuhusu kisima, wakamwambia akamalize kwanza darasa la pili. Safari hii hakupeleka ushauri. Alipeleka mashindano.

Aliwakuta barazani, akawaamkia mmoja mmoja, kisha akasema vijana kule kisimani wanabishana nani kati ya wazee hawa ana nguvu zaidi. Wazee wote watatu wakakohoa kidogo na kukaa sawasawa.

"Wengine wanasema hakuna," Kindi aliendelea, akiangalia kucha zake. "Wanasema mtoto wa miezi minne anawachezesha. Mimi nimewatetea. Nimewaambia wazee hawa walipita jandoni bila kupepesa jicho."

"Nani anasema tunachezeshwa?" Nyati aliuliza.

"Siwezi kutaja, mzee wangu. Ila dawa yao ni ndogo. Kila asubuhi Kijino aje awaamkie. Aking'ata, iwe kama jandoni. Usivute mkono, usiseme neno. Akilegeza, mgeuzie mgongo kama vile pale hapana mtu. Asipong'ata, mchezee kidogo. Atakayepiga kelele, basi vijana walisema kweli."

Nyati akasema yeye hata aking'atwa sikio. Kiboko akasema yeye hata ulimi. Fisi alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Asubuhi ya kwanza walikaa kwenye benchi, nyuso kama za picha ya kitambulisho. Kijino akaja mbio. Kwap! Chozi likamtoka Nyati, likateremka polepole mpaka puani. Alisema baadaye lilikuwa jasho. Alingoja, akageuka taratibu kama mlango wa ghala, akampa Kijino mgongo.

Kijino akatikisa mkia, akangoja. Vumbi halikutimka. Akaenda kwa Kiboko. Kwap! Kama kung'ata jiwe la mto. Akaenda kwa Fisi.

Kwap! "Hi hi hi hiii!"

Basi kazi yote ikamwagika. Kijino aliruka juu kwa furaha, akazunguka benchi mara tatu.

Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu, vivyo hivyo, na Kindi akaanza kukosa usingizi, kwa sababu mtumbwi wa kumvusha Kijino ulikuwa umekwisha kufungwa pale mtoni. Walilolijenga wazee wawili, Fisi alilibomoa kwa kicheko kimoja.

Siku ya nne Kindi alifika na mfupa mkubwa kuliko yeye, akiuburuta. Akaomba ruhusa, akautia mdomoni mwa Fisi. Fisi akiwa na mfupa hacheki, hasemi, hata ukimwita kwa jina haitiki. Kijino akang'ata mkono wake, akangoja, akangoja sana. Kisha akakaa chini akajikuna, kama mtu aliyefika arusini akakuta imeahirishwa.

Na kwa kuwa meno yale yalikuwa yakimwasha kweli, Kindi alimletea gunzi la hindi. Kila alipofumbua mdomo bila kazi, alipewa gunzi. Alipoamkia vizuri, wazee walimkuna tumbo. Siku ya tano aling'ata kidogo tu. Siku ya sita aliushika mkono wa Nyati kwa midomo, kama mtu aliyebeba yai.

Gulio likafika. Nyati aliketi, mkono mmoja umeshika kamba ya kumfungia mtoto, mwingine ameunyoosha. Bi Mbwa alisimama mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko. Kindi alikuwa juu ya ua.

Kijino akaja. Akafumbua mdomo.

Akautazama ule mkono. Akafumba mdomo, akaweka pua yake juu ya kwato na kuilamba. "Shikamoo, babu."

Nyati alimkuna tumbo, kwa kuwa kukuna nako alikwisha kukuzoea. "Marahaba, mjukuu wangu," alisema mwisho, akaitupa kamba mtoni.

Mchana ule kule gulioni Nyati alimwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyemfunza mtoto, kwa moyo wake wa chuma. Kiboko akasema ni yeye. Fisi hakusema kitu, mfupa ulikuwa bado haujaisha. Kindi akachukua kikapu chake cha karanga, akapanda zake mkoroshoni.

Ningeishia hapa, ungenipigia makofi, na Kindi angebaki shujaa. Lakini kuna kipande nimekiruka.

Ule mkia hakuzaliwa nao hivyo. Mwezi mzima kabla ya mambo haya, kila Bi Mbwa alipokwenda kuuza maandazi, Kindi alipenyeza mkia wake kwenye tundu la ua, akauning'iniza mbele ya pua ya Kijino. "Shika, kama wewe mwanamume." Mtoto akiruka, Kindi huuvuta na kucheka mpaka anaanguka. Hapo ndipo Kijino alipojifunza kwamba kinachonyooshwa mbele yake hudakwa kwa meno. Siku moja Kindi alichelewa kuvuta. Kwap! Alipanda mti akilia "wii wii wii", ncha imebaki chini, na Kijino hakuwahi kuona mchezo mtamu kama ule.

Sasa sikia. Kindi alipomwaga karanga zake, chini ya kikapu alikuta kifurushi cha jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na ile ncha ya mkia, imekauka, manyoya yamechanwa vizuri. Bi Mbwa alikuwa ameiokota kwenye mkeka wa mwanawe siku ile ile ilipokatika. Alijua tangu mwanzo. Naye aling'atwa, na Kindi, akanyamaza kama wale wazee, hakuvuta mkono, akangoja aliyeng'ata alegeze mwenyewe.

Kindi hakula hata punje. Asubuhi alirudisha kikapu, akasema shikamoo shangazi, naye akaitikia marahaba na kumpa andazi la moto.

Kwa nini nilikiruka? Kwa sababu Kindi ni mwenzangu, na mkia wangu mimi sijawahi kukusimulia.

Yangu yameisha, aliyeng'atwa humu anyamaze: anayemfunza mtoto kuuma kwa mchezo, yeye ndiye wa kwanza kufunzwa kuacha.