Waridi Lisilo na Kazi

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mbu wakakosa pa kuzalia, na majani ya Kilima cha Ngurumo yakakauka yote, hata mizizi. Juu ya kilima aliishi Simba, mfalme, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kuonekana. Chini kabisa, mteremko unapoishia, aliishi Bi Kobe, aliyekuwa ametaga mayai kumi na mawili na kuyafukia mchangani, kama wafanyavyo kobe wote.

Simba aliona aibu ya kuishi juu ya kilima chenye upara. Bi Kobe aliona hatari. Alijua kwamba mvua ikipiga udongo ule mtupu, mteremko mzima utahamia kwake, na mayai yake hayahamishiki. Yai la kobe ukilipindua tu, limekwisha.

Basi akaenda mpaka kwenye machimbo ya mawe, mwendo wa siku sita kwa miguu yake, maana huko aliwahi kuona waridi la ajabu. Halikusimama kama mawaridi mengine. Lilitambaa juu ya mawe, likatia mizizi kila tawi lilipogusa ardhi, na lilichanua maua mekundu bila mtu kulimwagilia wala kulipogoa. Akarundika vipandikizi mgongoni, akarudi, akapanda kwa mfalme kuomba ruhusa.

"Mtukufu," alisema, "waridi hili halina kazi. Ukilimwagilia wiki tatu likashika, basi. Baada ya hapo linajitafutia."

"Linasimama urefu gani?" Simba aliuliza.

"Halisimami, mtukufu. Linatambaa."

Simba akakunja uso. "Kitu kitambae mbele ya nyumba yangu? Watu watasemaje?"

Sungura alikuwa pale barazani, maana kila penye wakubwa hakosi. Akaona mambo yanaharibika. "Msamehe Bi Kobe, mtukufu, hajui lugha ya ikulu. Waridi hili halitambai. Linasujudu."

"Linamsujudia nani?"

"Sisi sote tunamjua."

Uso wa Simba ukakunjuka, na ruhusa ikatoka siku hiyo hiyo.

Bi Kobe alipanda peke yake mteremko mzima, akamwagilia peke yake kwa kibuyu wiki tatu, na mawaridi yakashika. Hapo ndipo Fisi alipojitokeza, kwa sababu Fisi hujitokeza kazi ikishaisha.

"Mtukufu," alisema, "ua linalokusujudia wewe haliwezi kuachwa hivi hivi kama magugu. Linahitaji Mtunza Waridi Mkuu. Na kila mtaalamu anajua kwamba waridi hula mifupa."

"Mifupa?"

"Mibichi, yenye nyama nyama. Kisha isagwe vizuri. Bahati nzuri meno ninayo."

Simba hakuwa tayari kuonekana mfalme asiyejua waridi hula nini. Akakubali. Tangu siku hiyo kila nyumba ilipeleka mifupa kwa Fisi, naye akaisaga kivulini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mara moja kwa siku alizunguka mteremkoni, akaacha kidonge cheupe hapa na pale, akasema, "Mbolea hiyo." Mawaridi yakaendelea kutambaa kama yalivyozoea, na kila tawi jipya lilipotokea Fisi alijipongeza na kuomba nyongeza.

Bi Kobe alinyamaza mpaka siku alipomwona Mbweha, mjane, akipeleka mfupa aliokuwa amewawekea watoto wake. Hapo roho ikamuuma. Akasema mbele ya wote, "Jamani, kuleni mifupa yenu! Nilisema tangu mwanzo, waridi hili halina kazi."

Fisi akapanda mbio kwa mfalme. "Mtukufu, Kobe anatangaza kwamba ua lako halina kazi! Eti ni takataka tu! Ua linalokusujudia wewe!"

Neno lilikuwa lile lile, ila lilikuwa limebadilisha mdomo. Simba alinguruma mpaka vumbi la paa likamwangukia. "Hakuna kitu kisicho na kazi kwenye kilima hiki!" Sungura akatazama pembeni. Bi Kobe akapewa siku kumi awe amehama.

Alilia bila kujificha. "Mimi kuhama si shida," alimwambia Sungura, "nyumba yangu ninayo mgongoni. Lakini wanangu nitawabebaje?"

Sungura kwa kawaida hamsaidii mtu bure. Lakini aliona kilima kile kina nafasi ya mjanja mmoja tu, na nafasi hiyo ilikuwa yake. Akaenda kwa Simba.

"Mtukufu, kabla Kobe hajahama, muumbue. Gawa mteremko. Upande ulio chini ya baraza yako uwe wa Fisi, kwa mifupa. Upande ulio juu ya nyumba ya Kobe uachwe hivyo hivyo bila kitu. Mvua ikinyesha, kila mtu atamjua mwongo. Na safari hii mifupa isipitie tumboni kwa mtaalamu, samahani, menoni. Nyani waifukie kwenye mizizi yenyewe, chakula kimfikie mlaji."

Fisi alipoambiwa, aliinama na kukubali. Ni yeye mwenyewe aliyesema waridi hula mifupa.

Nyani wakafukia mifupa, Fisi akawekwa kulinda. Siku ya kwanza alilinda. Siku ya pili alinusa. Siku ya tatu, adhuhuri, joto lilipowalaza wote, alijiambia atakagua mche mmoja tu. Alifukua, akatafuna, akaulaza mche juu ya udongo, mizizi nje. Kwa mbali usingeona tofauti yoyote. "Si wanasema linasujudu?" alijiambia. "Basi nani atajua?" Akaenda kwenye mche wa pili.

"Pua yako imekuwaje?" Simba alimuuliza siku ya nane, alipoona imejaa miiba.

"Kazi, mtukufu," alijibu Fisi. "Kazi!"

Mvua ilifika siku ya tisa, ya radi na mawe. Upande wa Bi Kobe maji yalishuka kwa hasira, yakakutana na matawi yaliyoshikana, yakapungua mwendo, yakanywewa na udongo. Upande wa Fisi hakukuwa na kitu cha kuyazuia. Udongo uliondoka, miche ikaondoka, nusu ya baraza ikaondoka, na juu yake Simba, ambaye hakuwahi kumwinukia mtu, akateremka ameketi vile vile mpaka bondeni, kando kidogo ya nyumba ya Bi Kobe. Vipande vya mifupa vilimfuata, kila kimoja kina alama za meno.

Fisi alijaribu kutorokea upande uliosimama. Waridi likamshika manyoya, na kila alipojivuta likazidi kumng'ang'ania.

Simba alimgeukia Bi Kobe, angali ameketi ndani ya tope. "Kobe," alisema, "waridi lako lina kazi gani?"

"Halina kazi, mtukufu."

"Na lile la Fisi?"

"Lile lilikuwa na kazi nyingi sana."

Simba akajifuta masharubu. "Mimi sikosei, na cheo nikishakitoa sikiondoi. Fisi ataendelea kuwa Mtunza Waridi Mkuu, wa waridi hili hili la Kobe. Na kwa kuwa halina kazi, naye hana kazi. Na kwa kuwa hana kazi, hana mifupa. Kobe abaki kwake."

Mvua zilipokatika, mchanga ulitikisika na watoto kumi na wawili wakatoka, wakapita chini ya miiba bila kuchomwa, na mama yao akalia tena, safari hii kwa furaha. Juu yao alisimama Fisi, tumbo limeshikana na mgongo, akitunza maua yasiyomhitaji.

Kwa hiyo ukimwona mtu anahema sana kando ya kitu kinachojiotea chenyewe, kabla hujampa pole, mwangalie kwanza meno.