Mtihani wa Chungu cha Wali

Hapo zamani, kabla saa hazijafika mji wa Mkunguni, mtihani ulipimwa kwa chungu cha wali. Chungu kikitelekwa, unaanza kusoma. Kikiepuliwa, kalamu chini! Na hakuna cha "Bi Mwalimu, nimalizie neno moja," maana watu wana njaa.

Mwaka huo Bi Nasra, mwalimu wa mji, alikuwa na nafasi moja tu ya chuo cha ualimu, ya mtu mmoja wa kikundi kitakachoshinda. Kila mtaa ulileta kikundi, kisome kisa kirefu na kujibu maswali. Mtaa wa nyuma ya soko ukaleta marafiki watatu: Mwanakheri mpenda vitabu, Zamda asiye na subira, na Tunu, binti wa mpishi wa harusi. Wote waliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukawaruka.

Chungu kikatelekwa. Mwanakheri akaanza kusoma kisa cha mshonaji kanzu, taratibu, akirudia kila sentensi tamu.

"Wewe! Unasoma au unakula halua?" Zamda akamaka. "Tutazame maswali kwanza, tujue tunatafuta nini."

Wakatazama, wakatafuta, wakajibu. Swali moja likawagandisha: kwa nini mshonaji alicheka alipofukuzwa dukani? Wakabishana, wakabishana, hata Tunu akainua pua.

"Jamani, maji yamekauka! Wanapalia makaa juu ya mfuniko!"

"Liacheni hilo, twende mbele!" akasema Zamda.

Wakaliacha. Wakayajibu mengine yote mbio mbio. Zamda akainuka apeleke karatasi, Tunu akamvuta kanga. "Kaa. Ukoko haujanukia bado."

Wakatulia. Hapo Mwanakheri akakumbuka: mwanzoni kabisa, pale alipopasoma taratibu, mshonaji aliuficha ufunguo wa duka ndani ya kofia yake! Akaandika jibu, na chungu kikaepuliwa.

Mitaa mingine iliachwa katikati ya kisa. Wao walipata yote. Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia.

"Nafasi ni yangu," akasema Zamda. "Bila mimi mngekuwa bado mnabishana na mshonaji wenu."

"Ni yangu," akasema Mwanakheri. "Nyie mlitafuta majibu, mimi nilisoma. Lile gumu alilijibu nani?"

"Yangu mimi," akasema Tunu. "Sikuandika hata herufi, sawa. Lakini nani aliwaambia lini mkimbie na lini mtulie?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko, wakala sinia moja. Walipendana, lakini hakuna aliyesema, "Nenda wewe."

Bi Nasra akatafuna ukoko, akafikiri, akashindwa. Akaita jikoni, "Telekeni chungu kingine! Kabla hakijaepuliwa, mji mzima unipe jina moja."

Haya, wasikilizaji wangu, chungu kiko motoni, na maji nayasikia yanaanza kukauka. Msinitazame mimi, mimi nangoja kula. Je, nani alistahili?