Sekunde Nne

Chumba cha majaribio hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kompyuta sita, feni moja iliyolalama kama mgonjwa, na ubao mweupe uliojaa mahesabu. Humo ndimo chombo cha anga kilimosafirishwa kila siku kabla hakijaondoka duniani. Kompyuta moja ilijifanya chombo, tatu zilijifanya vituo vya mawasiliano, na mbili zilijifanya umbali na baridi ya huko juu. Wahandisi walitaka kujua jambo moja tu: chombo kikiitwa kutoka duniani, kitasikia?

Aliyeendesha majaribio hayo alikuwa mhandisi kijana wa kike, mpole hata wenzake wakambandika jina la Kimya. Kwake chombo kile hakikuwa kazi tu. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kunusa hewa ya sayari ya mbali, ambacho shangazi yake alikiunda kwa miaka ishirini na miwili. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Sasa alikuwa hoi kitandani, mapafu yamechoka, mtungi wa oksijeni kando yake.

"Watu huniuliza kwa nini sikuolewa," shangazi alipenda kutania. "Nawaambia mume wangu anafunga safari, akifika atapiga simu. Na mimi siendi kokote kabla ya simu hiyo. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, shangazi."

Mle chumbani mlikuwa na mazoea. Kila asubuhi, kabla ya jaribio, saa za kompyuta zote zililinganishwa mpaka zikawa sawasawa. Wenyewe waliita kunyoosha saa. Jaribio likaenda kutwa, kesho yake saa zikanyooshwa upya, na matokeo yakatoka safi kama maji ya mtungi. Hakuna aliyejiuliza nani angeinyoosha saa ya chombo siku ambazo hakitasikia kituo chochote.

Siku moja Kimya alisahau. Salamu ya kituo cha tatu ilipotumwa, aliona saa ya chombo iko nyuma kwa sekunde nne. Baridi ilikuwa imeilegeza tangu jana yake.

"Bosi, naomba utazame hapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Umenyoosha saa?"

"Hapana, nimesahau."

"Basi si ndiyo hiyo! Nyoosha, urudie."

"Lakini imechelewa yenyewe, bosi. Kwa siku moja tu."

Fundi wa antena, aliyeitwa Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, akageuka na kiti chake. "Sekunde nne, dada? Mimi chafya yangu tu ni ndefu kuliko hizo! Chombo kitatega sikio dakika nzima. Kwani kinakimbilia wapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kimya akageukia kompyuta yake. Akanyoosha saa, akarudia jaribio, na kwenye fomu akaandika: Hakuna kasoro. Kisha akatia sahihi.

Chombo kikarushwa. Miezi ya mwanzo kilikwenda vyema, kila salamu ya duniani ikiinyoosha saa yake, kisha kikapita nyuma ya jua, mahali ambapo hakuna kituo kilichoweza kuzungumza nacho kwa siku mia moja thelathini na tano. Kilikuwa kimeelekezwa hivi: kikitokeza upande wa pili, kila siku saa nne kamili asubuhi kitege sikio kwa dakika moja kingoje salamu. Kikiikosa siku tatu mfululizo, kijihesabu kiziwi na kijizime moja kwa moja.

Siku ya kwanza salamu ilitumwa. Chombo hakikujibu. Siku ya pili Kipaza alikesha juu ya antena akikaza kila kilichokazika, lakini wapi. Siku ya tatu walituma tena, roho mikononi, wakasubiri mpaka macho yakawauma.

Ndipo Kimya akakumbuka siku aliyosahau kunyoosha saa. Sekunde nne kwa siku. Siku mia moja thelathini na tano. Alizidisha kwa kidole juu ya meza, akarudia, akapata jibu lile lile: dakika tisa.

"Kimetega sikio saa nne na dakika tisa," alisema. "Siku zote tatu. Sisi tulikuwa tumekwisha kunyamaza."

Bosi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. Hakuna aliyecheka. Waliita kutwa nzima, wakaita wiki tatu, lakini maji yaliyomwagika hayazoleki.

Jioni ya siku ile ya tatu Kimya alipiga magoti kando ya kitanda cha shangazi, akaeleza yote. Hakumtaja bosi wala Kipaza.

"Kwa hiyo hakikuharibika?" shangazi aliuliza mwishowe.

"Hapana, shangazi. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kinangoja tukiite."

Machozi yakamtiririka mgonjwa mpaka masikioni, wala hakuyafuta. "Ungeniambia mimi, mwanangu," alisema. "Hao walicheka. Mimi nisingekucheka."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma Kimya zaidi. Aligeukia ukutani tu. Siku kumi na moja baadaye alifariki dunia, bila kutania tena habari za mume wake.

Kamati ya uchunguzi ilipokutana, bosi alieleza kwa kirefu ubaya wa baridi ya angani. Kimya aliinua mkono. Safari hii sauti yake ilisikika hadi kiti cha nyuma.

"Si baridi iliyotuponza," alisema. "Kasoro niliiona. Ilikuwa ndogo, nikaona haya kuisemea."

Wote wakainamisha vichwa, Kipaza akifunika uso kwa viganja: mdharau mwiba, mguu huota tende.