Kiti cha Zimwi na Mtungi wa Mama

Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, nisije nikanyamaza mkakosa wote.

Hapo kale aliishi mfinyanzi, Bi Siwema. Alifinyanga vyungu, mitungi, hata viti vya udongo. Aliishi peke yake, peke yake, peke yake.

Zamani wasichana walikuja kujifunza kwake. Akawafundisha kila kitu isipokuwa siri moja. Vyungu vyao vikapasuka motoni, wakalia, wakaenda zao. Wa mwisho kuondoka aliitwa Zamoyoni.

Bi Siwema akabaki na mtungi wa marehemu mama yake. Kila asubuhi aliuinamia. "Mama, umeamkaje?" Mtungi ukamrudishia sauti yake mwenyewe. Maskini, hayo ndiyo mazungumzo aliyokuwa nayo.

Siku moja likaja zimwi, zito hilo, mpaka ardhi ikatikisika.

"Bibi we! Nifinyangie kiti. Nitajaribu kukalia viti vitatu. Cha tatu kikivunjika, nakumeza!"

Basi akafinyanga, akachoma. Zimwi likakaa. Pwaa!

Akafinyanga cha pili. Zimwi likakaa. Pwaa!

"Bado kimoja, bibi. Halafu wewe."

Sasa siri yenyewe ni hii. Udongo hauna nguvu mpaka uchanganywe na vigae vya vyungu vikuukuu, vilivyotwangwa. Na vigae vikuukuu vilikuwa vimekwisha! Vya viti vilivyovunjika vilikuwa vipya mno, havikufaa. Kijijini watu walipikia masufuria. Nani angevunja chungu?

Bi Siwema akauinamia mtungi, analia. "Mama, nakufa."

Siku hiyo mtungi ukajibu kwa sauti ya mama. "Nivunje, mwanangu."

"Siwezi! Nitaongea na nani?"

"Nivunje. Humu ndani yangu umo mtungi wa bibi yako. Naye aliuvunja wa mama yake."

Akauvunja. Akatwanga nusu ya vigae, akachanganya, akafinyanga, akachoma. Zimwi likakaa. Kimya. Likajitupa kwa nguvu. Kimya!

"Ala! Na ukifa, nani atanifinyangia kingine?"

"Hakuna."

"Kumbe uko peke yako kama mimi," zimwi likasema. Likabeba kiti chake, likaenda.

Asubuhi, kwa mazoea, Bi Siwema akainama. "Mama, umeamkaje?" Pale palikuwa na sakafu tu. Upweke ukamuuma kuliko meno ya zimwi.

Akatia vigae vilivyobaki kapuni, akaenda kwa Zamoyoni.

"Hodi! Mwanangu, mkono wako haukuwa na kosa. Mimi nilikuficha siri ya vigae."

"Miaka yote hii, Bibi? Nami nikajiona sina akili!"

"Miaka yote hii. Nisamehe."

Zamoyoni akamtazama sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na kinu na michi miwili.

Hadithi yangu imeishia hapo, na muwa wako umekwisha. Ukijua kazi, ifundishe yote. Ukificha nusu, utazeeka ukiamkiana na mtungi.