Nguzo ya Fundi Ilyasi

Sogeeni karibu, na anayeogopa mizuka amshike mwenzake mkono.

Zamani, Waturuki walipoanza kujenga misikiti yenye kuba, fundi Ilyasi alijenga mmoja bondeni. Kando ya mihrabu akasimamisha nguzo nyembamba ya marumaru, inayozunguka ukiisukuma kwa kidole.

"Ukuta ukititia, nguzo itabanwa," alimwambia mkewe, Bi Safiye. "Siku ikigoma kuzunguka, tokeni nje."

Fundi akafa. Jioni ya kwanza baada ya matanga, nguzo ikazunguka yenyewe, krr, krr, krr. Jioni ya pili ikazunguka, watu wakakimbia wakaacha viatu. Jioni ya tatu ikazunguka, na hapakubaki mtu safuni.

"Ni jini," akasema imamu. "Ikandikeni chokaa, isizunguke tena."

Bi Safiye akamsihi. "Maalim, huyo ni mume wangu. Anakagua kuta zake, kama alivyozoea."

"Bibi, maiti hafanyi kazi."

Basi nguzo ikakandikwa chokaa, ikanyamaza. Watu wakarudi kusali.

Theluji ikaja, ikayeyuka, udongo wa bonde ukalainika. Ijumaa moja, katikati ya sala, kucha zikasikika zikikwaruza ile chokaa. Zilikwaruza kwa haraka, kama za mtu aliyefungiwa.

"Tokeni nje!" akalia Bi Safiye, akitoka mbio.

Hakuna aliyekatiza sala. Kuba likawaangukia wamesujudu.

Kuta zile hazipo tena. Lakini ukipita pale jioni, utaisikia nguzo chini ya kifusi, krr, krr, krr. Fundi bado anakagua.